Programu za kutabiri mafuta chini ya ardhi: sayansi au ramli yenye rangi?

#1 Mtoto_wa_Ngamiani

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kuandika programu za maduka na maghala hapa Tanga mjini, miamba sijaisomea. Juzi binamu yangu anayechukua jiolojia chuoni alinifungulia programu yao kwenye laptopu. Picha tamu sana. Tabaka juu ya tabaka, rangi toka buluu mpaka nyekundu, na kitufe ukikibonyeza unatazama miaka milioni 200 ikipita. Bahari inaingia, mchanga unajaa, mwamba unazama, mara kijani kinaanza kutoka chini na kupanda kutafuta pa kujibanza. Kijani ndiyo mafuta.

Nikamuuliza: hizi namba nani kazipima? Joto la chini ya ardhi miaka milioni 100 iliyopita, limekadiriwa. Unene wa tabaka zilizokwisha kumomonyoka na kwenda zake, umekadiriwa. Ufa ulifunguka lini, umekadiriwa. Mimi nikimpelekea mwenye duka programu ambayo nusu ya data zake nimezikisia, halipi.

Hoja yangu: hii ni ramli yenye rangi. Ukitaka mafuta yaonekane yataonekana, usipotaka hayaonekani. Anayebisha aje na hoja.

La pili: Chongoleani hapa Tanga ndipo linapoishia bomba la mafuta ya Uganda. Ya kwetu wenyewe hizo programu zinasemaje?

#2 Mgosi77

Nimekaa mbele kabisa na kashata zangu. Kokoto aitwe haraka.

#3 Mkulima_Muheza

Samahani wakuu, mie niko nyuma kidogo. Nilidhani wanapiga ile mitetemo wanaona mafuta moja kwa moja. Kumbe kuna programu nyingine tena?

#4 Kokoto

Nimeitika. Naanza na Mkulima, kwa sababu swali lake ndilo mlango wa mengine yote.

Mitetemo inakupa umbo. Unapiga sauti, inarudi, unachora tabaka zilivyojikunja na zilivyokatika. Saa nyingine gesi inajionyesha kwa mng'ao wake, lakini mara nyingi unaona chombo tu, hujui kama kina kitu ndani, na hujui kilichomo kilitoka wapi. Hapo ndipo zinaingia programu anazosema mleta uzi. Inayojulikana zaidi ni PetroMod, ilizaliwa Aachen, Ujerumani, kwenye kampuni ya IES, ikanunuliwa na Schlumberger mwaka 2008. Wafaransa wana TemisFlow. Wamarekani wana BasinMod. Zote kazi yake ni moja: kujibu kama mwamba mama, yaani ule wenye mabaki ya viumbe yanayogeuka mafuta, ulipata joto la kutosha, lini, ukatoa mafuta au gesi, na vilikwenda wapi.

Inafanyaje? Kwanza inarudi nyuma. Inaondoa tabaka la juu kabisa, na zile za chini zinarudishiwa unene wao, maana udongo ukibebeshwa uzito hubanwa na kutoa maji. Inaondoa la pili, la tatu, mpaka mwanzo wa bonde. Halafu inageuka na kuja mbele: inazika upya tabaka moja moja, kila hatua inahesabu joto na mgandamizo, na kwa joto hilo inahesabu ni sehemu gani ya mabaki ya viumbe ndani ya mwamba imegeuka mafuta.

Sasa mleta uzi, sehemu uliyoiruka ni hii: ikimaliza, inatakiwa ilingane na vitu vilivyopimwa kisimani. Joto la leo. Mgandamizo. Na kung'aa kwa vitriniti, vile vipande vidogo vya mabaki ya miti ndani ya mwamba ambavyo kadiri vilivyopata joto ndivyo vinavyoakisi mwanga zaidi chini ya darubini. Mafuta kwa kawaida yanatoka kati ya asilimia 0.6 na 1.3 ya mwakisiko huo. Modeli yako ikisema 0.7 na kisima kinasema 1.2, modeli inatupwa. Mpiga ramli gani anakubali kupimwa hivyo?

#5 Mtoto_wa_Ngamiani

Kokoto ahsante. Lakini umesema "kisimani". Pasipo na kisima je? Maana kazi ya programu si kukuambia uchimbe wapi *kabla* hujachimba?

#6 Mgosi77

Moja bila. Mpira katikati.

#7 Bibi_wa_Tongoni

Wanangu, mie sikusoma hayo, ila nikisoma maelezo ya Kokoto naona ni wali wa nazi. Moto ukizidi unaungua, ukipungua ni mchele, na ukipakua mapema huna la kumlaumu mwenye mkaa. Endeleeni.

#8 Kokoto

Shikamoo bibi. Na wataalamu wenyewe sehemu ule mwamba unapoiva wanaiita jiko, hukukosea hata kidogo.

#9 Mkulima_Muheza

Sawa, moto wa ngapi basi? Tupeni namba na sie tupige hesabu.

#10 Injinia_wa_Makorora

Rahisi hiyo. Kwa wastani joto linapanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Mafuta yanatoka takribani kati ya nyuzi 60 na 120, juu ya hapo gesi inatawala. Chukua juu nyuzi 25, shuka kilomita 3: 25 jumlisha 90, nyuzi 115. Mafuta yanaelekea ukingoni. Vile vitalu vyetu vya bahari kuu navyo mwamba ukiwa kilomita 3 chini ya sakafu ya bahari, hesabu ni hiyo hiyo. Hapo wala huhitaji programu ya mamilioni, kikokotoo cha simu kinatosha.

#11 Kipima_Joto

Injinia, kwa bahari kuu umepotea. Maji yenye kina cha mita 2,000 chini kabisa yana nyuzi kama 4. Sakafu ya bahari inaanzia 4, haianzii 25. Kwa hiyo kilomita 3 chini ya sakafu ni 4 jumlisha 90, nyuzi 94. Tofauti ya nyuzi 21 ni tofauti kati ya mwamba ulio katikati ya kutoa mafuta na ulio mwishoni.

Na hapo bado hujauliza mwamba wenyewe ni wa aina gani. Chumvi inapitisha joto haraka kuliko udongo wa mfinyanzi. Bonde la Mandawa kusini lina chumvi nene chini, kilicho chini ya chumvi kinapoa, kilicho juu kinapata joto zaidi. Kikokotoo cha simu hakijui hayo.

#12 Injinia_wa_Makorora

Nilitoa mfano wa nchi kavu hasa. Tuendelee.

#13 Mgosi77

"Nchi kavu hasa" hahahaha. Umeandika bahari kuu kwa mkono wako, injinia.

#14 Mzee_Chumbageni

Vijana, mnazunguka mbuyu. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua. Nendeni Amboni kwenye maji ya salfa, harufu ile ya yai bovu inatoka wapi? Chini kuna kitu. Wagiriki wa mkonge walikuwa wakienda kuoga kule. Hamhitaji kompyuta, mnahitaji pua.

#15 BintiPangani

Mzee shikamoo. Harufu ile ni ya gesi ya salfa, na kweli kuna visima vya mafuta vinatoa gesi ya namna hiyo. Lakini pia bakteria wanaokula chumvi za salfa ndani ya maji wanaitoa bila tone la mafuta. Amboni pale ni mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yale yale yenye mapango, maji yanazunguka humo na kuokota kila kitu. Kwa hiyo pua inakupa swali, jibu litafutwe kwingine.

Ila mzee hakosei kwamba dalili za juu zina uzito. Wingayongo kule Rufiji kuna mchanga uliolowa lami ya asili. Pemba kuna Tundaua, mafuta yanachirizika yenyewe. Hizo si porojo, mwamba mama fulani mahali fulani uliiva. Swali ni upi, na kiasi gani kimebaki.

#16 Mzee_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kusikia "hakosei".

#17 DalaliChongoleani

Kwa ufupi: viwanja nipandishe bei au nisubiri?

#18 Mgosi77

Dalali wewe ungepandisha bei hata wangegundua maji ya bomba.

#19 MchotaTope

Nimepita kwenye mitambo ya kuchimba kama mchukua sampuli, nawapeni ya jikoni ambayo wenye kompyuta hawasemi.

Kokoto anasema modeli inalinganishwa na vilivyopimwa kisimani. Twende tuone vinapimwaje. Nasimama kwenye chekeche linalotikisika, tope la kuchimbia linapanda kutoka chini na vipande vya mwamba vidogo kama punje za mahindi yaliyopasuliwa. Nachota, naosha, naweka kwenye mfuko, naandika kina. Lakini kile kina ni cha makisio, maana vipande vinachukua muda kupanda. Njiani ukuta wa kisima unabomoka na vipande vya juu vinachanganyika na vya chini. Unaweza kuwa na mfuko ulioandikwa mita 3,200 na ndani theluthi ni mwamba wa mita 2,500.

Halafu tope lenyewe. Kuna tope la maji na tope lililochanganywa mafuta. Kampuni moja, siitaji, ilitumia la mafuta, sampuli zikaenda maabara bila kuoshwa vizuri, majibu yakarudi kwamba mwamba una mafuta huru mengi ajabu. Ofisini wakashangilia. Sisi wa chekecheni tuliangaliana tu. Yale yalikuwa mafuta tuliyoyamimina wenyewe.

Joto nalo. Kipimo kinashushwa wakati tope limeshazunguka masaa mengi na kupoza kisima. Namba unayosoma iko chini ya ukweli. Kuna njia ya kusahihisha, unapima mara kadhaa kadiri kisima kinavyorudia joto lake halafu unakadiria kingefika wapi kikiachwa. *Unakadiria.* Mleta uzi atafurahi na neno hilo.

#20 Mtoto_wa_Ngamiani

Nimefurahi sana. MchotaTope unakunywa nini, popote ulipo.

Wakuu, kipimo chenyewe kinakadiriwa, halafu tunasema modeli imepita kwa sababu imelingana nacho.

#21 BintiPangani

Mleta uzi usishangilie sana, ingawa nitakupa silaha kali zaidi ya hiyo. Niliifanyia kazi shahada ya pili.

Nilikuwa na kisima cha zamani, siwezi kutaja ni kipi. Vitriniti kwenye mwamba mama ilikuwa kama 0.9, katikati kabisa ya kutoa mafuta. Lakini kina cha leo ni kidogo mno kufikisha 0.9 kwa joto la kawaida. Kwa hiyo zamani kulikuwa na moto zaidi. Upi?

Hadithi ya kwanza: mwamba ulizikwa kilomita moja na nusu zaidi ya leo, halafu nchi ikanyanyuka na ile kilomita na nusu ikamomonyoka baharini. Hadithi ya pili: hakikumomonyoka kitu cha maana, ila wakati Madagaska inajitenga na Afrika ganda la dunia lilivutwa likawa jembamba na joto la chini likapanda kwa muda, halafu likapoa. Hesabu ya kuvutika huko ni ya McKenzie, ya mwaka 1978, iko ndani ya programu zote hizi.

Niliziendesha zote mbili. Zote zikatoa 0.9. Zote zikalingana na joto la leo. Kwenye skrini mistari inapita juu ya vitone vile vile.

Tofauti iko hapa: kwenye hadithi ya pili mafuta yanatoka mapema sana, kabla mikunjo ya kuyakamata haijajikunja. Yanapanda, hayakuti pa kukaa, yanapotea. Kwenye ya kwanza yanatoka kwa kuchelewa na mitego ipo tayari. Kisima kile kile, data zile zile, moja inasema chimba na nyingine inasema nenda nyumbani.

Sababu ni kwamba vitriniti inakumbuka joto la juu kabisa lililoupata mwamba, haikumbuki lini. Ili ujue lini unahitaji shahidi mwingine. Madini ya apatiti yana mikwaruzo midogo inayoachwa na urani ikipasuka, juu ya nyuzi kama 110 mikwaruzo inafutika, ikipoa inaanza kujiandika upya. Ukihesabu unajua mwamba ulipoa lini. Sisi hatukuwa na sampuli za kutosha. Nikaandika hadithi zote mbili kwenye tasnifu, msimamizi wangu akaniambia nichague moja. Nikakataa.

#22 Mkulima_Muheza

Dada, ulipata shahada lakini?

#23 BintiPangani

Nilipata. Kwa jasho.

#24 Kokoto

Post #21 ni nzuri, ila mnaisoma kichwa chini. Kabla ya programu kulikuwa na hadithi ngapi za kisima kile? Labda 20. Programu imeua 18. Imebakiza 2 na imekuambia shahidi gani umtafute ili kuua ya 19. Mpiga ramli hajawahi kukuambia "nenda kaniletee apatiti".

Na siku hizi haiendeshwi mara moja. Unaipa kila namba upana wake, mmomonyoko kati ya mita 0 na 2,000 kwa mfano, inaendeshwa mara maelfu, mwisho unapata uwezekano badala ya jibu moja.

#25 Mtoto_wa_Ngamiani

Na huo upana wa 0 mpaka 2,000 nani kautoa?

#26 Kokoto

Wanajiolojia.

#27 Mgosi77

Mbili bila. Hata Coastal Union, Wagosi wa Kaya wetu, msimu huu hawajacheza hivi.

#28 Kipima_Joto

Jambo ambalo halijaguswa ni moyo wa programu, yaani mwendo wa mabaki kugeuka mafuta. Zamani, 1971, Mrusi Lopatin alitumia kanuni nyepesi: kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi inakuwa mara mbili. Waples akaieneza magharibi mwaka 1980, ikafanywa hata kwa kalamu na karatasi. Programu za leo zimeiacha, zinatumia milinganyo ya kemia ambamo kila aina ya mabaki ina nishati yake ya kuvunjika. Mabaki ya mwani wa ziwani, ya viumbe wa bahari, na ya miti ya nchi kavu hayaivi sawa, na ya miti yanatoa gesi zaidi.

Namba za nishati hizo zinatoka kwenye kuchoma sampuli maabara. Mashine ya Rock-Eval, ya Wafaransa, inapandisha joto nyuzi 25 kwa dakika moja mpaka 650 hivi. Ardhini kupanda nyuzi 25 kunaweza kuchukua miaka milioni kadhaa. Mnatoka kwenye dakika mnakwenda kwenye mamilioni ya miaka kwa mlinganyo mmoja. Mimi naukubali mlinganyo, lakini daraja ni refu hilo.

#29 MchotaTope

Refu kuliko la Kigamboni.

#30 Msambaa_Halisi

Jamani na mimi. Mbona pwani yetu ni gesi gesi gesi? Songo Songo 1974 gesi, Mnazi Bay 1982 gesi, bahari kuu kuanzia 2010 gesi, jumla wanasema futi za ujazo trilioni 57. Uganda hawana hata bahari, wana mafuta. Programu inaeleza hilo?

#31 Kokoto

Inaeleza vizuri. Mwamba mama wa pwani kwa sehemu kubwa ni mabaki ya miti na majani, ya enzi za Karoo na mito ya kale. Miti inatoa gesi. Uganda, Bonde la Albert, ni mwani wa ziwa, unatoa mafuta yenye nta nyingi. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi hapa kwetu limebidi lipashwe joto njia nzima, likipoa yanaganda. Nta ile ni ya mwani wa ziwa la kale. Vibarua waliotandaza nyaya za kupasha joto huko Handeni wana deni kwa mwani.

#32 BintiPangani

Kokoto unamaliza haraka mno. Kuna miamba ya Jurasiki ya pwani ambayo ni ya baharini, inatosha kutoa mafuta. Lami ya Wingayongo haikutokana na majani makavu. Maelezo mengine ni kwamba mafuta yalitoka, halafu mwamba ukazidi kuzikwa, joto likapita kiasi, mafuta yenyewe yakavunjika yakawa gesi. Kwa vile vitalu vya kina kirefu mashapo, yaani tabaka za mchanga na udongo zilizotuama, ni manene sana, hili halitupiki kirahisi.

#33 Kipima_Joto

Na la tatu: yalitoka na yakavuja. Ufa wa Afrika Mashariki umefika mpaka baharini, nyufa changa zinafunguka hata sasa. Kizibo, yaani mwamba unaofunika juu, kikipasuka, gesi na mafuta vinapanda vyote. Alaska mwaka 1983 walichimba kisima cha Mukluk, kampuni zikamwaga zaidi ya dola bilioni moja pamoja na leseni. Umbo safi, mwamba mama upo, kila kitu kipo. Wakakuta maji ya chumvi na madoa ya mafuta kwenye mawe. Yalikuwepo yakaondoka.

#34 Msambaa_Halisi

Na la nne nililisikia: gesi ya bakteria, haikupikwa kabisa.

#35 BintiPangani

Lipo kwa kina kifupi. Gesi ya bahari kuu yetu ni kavu, karibu yote methani, na methani kavu inaweza kuwa ya bakteria au ya mwamba uliopitiliza kuiva. Zinatenganishwa kwa kupima kaboni: ya bakteria ina kaboni nyepesi zaidi. Kokoto atasema miti, Kipima atasema kuvuja, mimi nasema kuiva kupita kiasi, na modeli ya kila mmoja itapendeza.

#36 Mtoto_wa_Ngamiani

Sentensi ya mwisho hiyo nimeipiga picha ya skrini.

#37 Kokoto

Piga na hii: Uganda mafuta yanayochirizika yaliandikwa kwenye ripoti miaka ya 1920. Walichimba kisima cha Waki mwaka 1938. Ugunduzi wa kibiashara ukaja 2006. Pua za Mzee Chumbageni zilikuwepo muda wote huo. Kilichoongezeka ni mitetemo na hesabu.

#38 Mzee_Chumbageni

Na pua ilitangulia.

#39 Injinia_wa_Makorora

Tanga na Pemba je? Swali la pili la mleta uzi limeachwa njiani.

#40 Kokoto

Tanga nchi kavu, ukanda wa mashapo ni mwembamba. Ukitoka mjini kuelekea Muheza huchukui muda unakuta miamba ya kale iliyogeuzwa na joto, hiyo haina mafuta. Usambara yote ni hivyo. Miamba ya Karoo ipo, chokaa ipo, ila unene wa kuivisha ni mdogo. Matumaini yako mkondo wa Pemba, kina cha maji mpaka mita 800 hivi na mashapo manene chini yake. BP na Shell walichimba Unguja miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa 1960, hawakupata cha kibiashara. Mwaka 2018 Zanzibar ilisaini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Unguja.

#41 DalaliChongoleani

Kwa hiyo ukanda wa Muheza nishushe.

#42 Mkulima_Muheza

Muheza tuna machungwa, dalali. Yanaiva bila programu.

#43 Kipima_Joto

Kokoto, visima vile vya zamani vilipimwa vitriniti?

#44 Kokoto

Vilichimbwa kabla kipimo hicho hakijawa cha kawaida. Ila mawe yakihifadhiwa ghalani unaweza kuyapima hata leo, ndiyo raha ya mwamba. Sampuli na data za visima hutunzwa na taasisi za serikali.

#45 MchotaTope

Kama mfuko uliandikwa kina sahihi.

#46 Mtoto_wa_Ngamiani

Wakuu, nimeuliza bei ya leseni ya hizo programu kubwa, nimefunga mlango polepole. Kuna jamaa kaniambia ana PetroMod iliyovunjwa kufuli. Kabla sijafanya ujinga, kuna ya bure?

#47 BintiPangani

Achana na ya kufuli, vyuo vinapewa leseni za msaada, mwambie binamu yako aulize idarani kwake. Ya bure na yenye msimbo wazi ipo PyBasin, imeandikwa kwa lugha ya Python, ya kisima kimoja kimoja. Inahesabu historia ya kuzikwa, joto, vitriniti na ile mikwaruzo ya apatiti. Haina filamu ya rangi. Kwako wewe mwandika programu ni bora, unaweza kufungua ndani ukaona kila kinachokisiwa.

#48 Mtoto_wa_Ngamiani

Hiyo ndiyo lugha yangu. Nitatengeneza kisima cha kubuni mkondo wa Pemba: sakafu nyuzi 12 kwa mita 800, kilomita 4 za mashapo, halafu niiendeshe kwa hadithi mbili za #21 nione nani muongo.

#49 Kipima_Joto

Nyuzi 12 kwa kina hicho umezitoa wapi?

#50 Mtoto_wa_Ngamiani

Nimekadiria.

#51 Mgosi77

HAHAHAHA kashata zimenipalia.

#52 Kokoto

Karibu kwenye fani mdogo wangu.

#53 Mtoto_wa_Ngamiani

Msinicheke, mimi nimeiandika wazi kwenye mstari wa kwanza wa faili kwamba ni kisio. Kwenye ile picha ya binamu hakuna mahali palipoandikwa. Hoja yangu bado imesimama.

#54 BintiPangani

Hapo nakuunga mkono kabisa. Kwenye ripoti nyingi ile orodha ya makisio iko kiambatisho cha nyuma, picha iko jalada la mbele. Wenye pesa wanasoma jalada.

#55 Kokoto

Si kosa la programu hilo.

#56 Kipima_Joto

Ni kosa la nani basi? Programu yenyewe ndiyo inayochora jalada.

#57 Mtoto_wa_Ngamiani

Nimepandisha faili la majaribio. Hadithi ya mmomonyoko na hadithi ya joto la ganda kuvutika, zote kwa kisima kimoja. Dada BintiPangani nitazamie thamani za upitishaji joto, nimeweka za mchanga kila mahali.

#58 BintiPangani

Usiweke mchanga kila mahali, mfinyanzi ni karibu nusu yake. Mwamba wako utaonekana umepoa kuliko ulivyo. Nipe mpaka kesho jioni, niko njiani Pangani na mtandao unakatika.

#59 Mkulima_Muheza

Faili halifunguki kwenye simu. Weka picha.